Usitupe Kipande Ulichokata: Mabomba ya Shaba Yaliyozeeka katika Nyumba za Kupangisha

Wenye nyumba, wasimamizi wa majengo, mafundi bomba, na ninyi wapangaji mliotenga muda kuja, karibuni sana.

Bomba la shaba likifungwa vizuri na kupitisha maji mazuri hudumu miaka 50 na zaidi. Kwa hiyo likianza kuvuja mapema, au likivuja leo hapa na mwezi ujao pale, msikubali kuambiwa tu kwamba limezeeka. Kuna kitu kinalila, na kitu hicho huacha alama ndani ya bomba lenyewe. Tatizo ni kwamba katika nyumba nyingi za kupangisha fundi huitwa, hukata sehemu inayovuja, huunga, na kipande kibovu hutupwa na vifusi. Ushahidi umekwenda jalalani. Miezi michache baadaye dari lile lile linafunguliwa tena.

Nyumba ya kupangisha ina ugumu wake ambao nyumba ya kukaa mwenyewe haina. Anayeona maji si anayelipa fundi, na anayelipa fundi halali humo ndani. Mpangaji huona doa la kijani chini ya sinki kila siku, lakini hakuna aliyemwambia kwamba doa lile ni habari. Mwenye nyumba huipata habari hiyo siku bomba linapopasuka. Nataka tuzibe pengo hilo, na tutaanzia kwenye dalili.

Doa la kijani au la samawati kwenye beseni, chini ya koki inayodondosha, linaonyesha kwamba maji yanabeba shaba. Ukoko wa kijani na mweupe kwenye kiungo unaonyesha kwamba maji yanapenya kidogo kidogo na kukauka kabla ya kudondoka. Hapo bado una muda, utumie. Sehemu ya sakafu yenye joto lisilo na sababu huweza kuwa bomba la maji ya moto linalovuja chini ya zege. Ukiona bomba la maji baridi limelowa, usikimbilie kulikata. Lifute likauke kabisa, lizungushie karatasi ya tishu, usubiri. Bomba zima likitoa jasho, huo ni mvuke wa hewani uliogeuka maji juu ya bomba baridi. Tishu ikilowa mahali pamoja tu, hapo ndipo penye tundu.

Kipimo kinachoshinda vyote ni mita. Funga koki zote, mwambie kila mtu asitumie maji, soma mita, kisha rudi baada ya saa moja au mbili. Ikiwa imesogea, maji yanakwenda mahali. Kwanza ondoa vyoo kwenye orodha ya washukiwa: tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi, na baada ya dakika 30 tazama kama rangi imeingia kwenye bakuli. Vyoo vikiwa salama, funga valvu kuu ya kuingilia nyumbani. Mita ikiendelea kutembea, uvujaji uko kati ya mita na nyumba. Ikisimama, uvujaji uko ndani. Fungua tena valvu kuu, kisha funga ile inayoingiza maji kwenye hita. Mita ikisimama sasa, ugonjwa uko upande wa maji ya moto. Kwa kuzungusha valvu mbili umeshajua uelekee wapi, na hujabomoa hata kigae kimoja.

Kabla msumeno haujagusa bomba, kuna jambo moja ambalo limewahi kuua mafundi. Katika majengo mengi ya zamani mabomba ya shaba yameunganishwa na waya wa ethi wa umeme, ule unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini. Ukilikata bomba hilo huku nyaya za jengo zina hitilafu, pande mbili za mkato zinaweza kuwa na umeme, na mikono yako miwili ndiyo inayoziunganisha. Funga kwanza waya mnene wa muda kutoka upande mmoja wa mkato hadi wa pili, kwa klempu zinazogusa shaba iliyosuguliwa, na uuache mpaka kazi iishe. Na kama utaweka kipande cha plastiki mahali pa shaba, ethi imekatika moja kwa moja. Fundi umeme lazima aje aikague na kuirudisha. Sitaki mtu yeyote atoke humu akidhani hili ni la hiari.

Sasa tuje kwenye kipande chenyewe. Mkishakitoa, kipasueni kwa urefu kwa msumeno wa chuma, mkifungue kama ganda, mkikaushe, mkitazame kwenye mwanga mzuri.

Pengine mtaona ukuta wa ndani ni wa kahawia, laini, mzima, isipokuwa vichuguu vidogo vya kijani vilivyotawanyika. Kwangueni kimoja kwa ncha ya bisibisi. Chini yake kuna shimo, na shimo hilo upande wa ndani ni pana kuliko kitundu kilichotokea nje, ambacho huweza kuwa kidogo kama cha sindano. Hii ndiyo kutu ya mashimo. Chini ya kila kichuguu maji yamejifungia, yakawa na asidi, yakachimba kwenda chini, wakati shaba ya pembeni haijaguswa. Ndiyo maana bomba linaweza kuwa zito mkononi na bado likavuja. Chanzo huwa ni maji yenyewe, au utando wa kaboni uliobaki ndani tangu kiwandani kwenye mabomba ya zamani, au mchanga na tope vilivyotulia chini ya bomba. Maji yanayokaa bila kutembea huongeza balaa hili, na nyumba ya kupangisha ina vipindi vya kukaa tupu. Chumba kikikosa mpangaji miezi mitatu, maji yale yale yamelala ndani ya bomba miezi mitatu.

Pengine hakuna vichuguu, bali shaba inang'aa, imesafishika, na ina alama zenye umbo la kwato ya farasi, hasa baada tu ya elbo au kiungo. Hayo ni maji yaendayo kasi mno. Yanakwangua utando unaolinda shaba na kuula ukuta. Kwa maji baridi kasi isipite mita 2.4 kwa sekunde. Kwa maji ya moto hadi nyuzijoto 60 isipite mita 1.5, na yakizidi joto hilo ishuke chini ya mita 0.9. Tuifanyie hesabu. Bomba la milimita 15 lenye ukuta wa milimita 0.7 lina uwazi wa milimita 13.6. Kwa kasi ya mita 1.5 kwa sekunde linapitisha takriban lita 13 kwa dakika. Bafu mbili za manyunyu zikifunguliwa pamoja kwenye bomba hilo la maji ya moto, unaweza kuvuka kipimo. Ndilo hutokea nyumba ya familia moja inapogawanywa vyumba vya kupangisha, bafu zikaongezwa, bomba likabaki lile lile. Chanzo kingine ni pampu ya kuzungusha maji ya moto iliyo kubwa kuliko inavyotakiwa na inayofanya kazi usiku na mchana. Na kingine kidogo kabisa: fundi alikata bomba kwa kikatio cha gurudumu, asikwangue ule ukingo uliojikunja kwenda ndani. Maji hupiga ukingo ule, hujikoroga, na hula ukuta sentimita chache mbele yake.

Alama ya tatu ni mfereji wa kijani unaoanzia kwenye kiungo na kuteremka kando ya tumbo la chini la bomba. Huo umesababishwa na dawa ya kulehemia (flaksi), ile inayopakwa kwenye kiungo kabla ya kuyeyusha lehemu. Fundi aliipaka kwa wingi, nyingine ikaingia ndani, ikabaki pale ikila shaba miaka yote. Hiyo ni kasoro ya mkono wa fundi na huwa karibu na kiungo, kwa hiyo ukikata sehemu hiyo na kuunga upya vizuri, umemaliza.

Ya nne: ukuta wote umekonda sawasawa, hauna shimo la pekee, na ukilibana bomba kwa vidole unahisi wepesi wake. Maji yana asidi. Pima pH, yaani kipimo cha asidi: chini ya 6.5 hakuna kiungo kipya kitakachokuokoa, maana bomba lote lililobaki ukutani limekonda vivyo hivyo.

Ya tano huanzia nje: msumari, tundu la drili, au mchubuko mahali ambapo klipu ya chuma imekuwa ikisugua. Shaba hurefuka milimita 0.017 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la mita 10 likitoka nyuzi 20 hadi 60 linarefuka karibu milimita 7, kisha linarudi, kila mtu anapooga. Likipita kwenye zege bila kuvalishwa koti, au likibanwa na klipu isiyo na mpira, linajisaga lenyewe. Nati za brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) zilizopasuka nyufa bila kukazwa kupita kiasi zitiliwe shaka ya amonia: dawa fulani za usafi zinazohifadhiwa chini ya sinki, au mkojo wa wanyama.

Na wakati mwingine shaba haina kosa, jirani yake ndiye anayekufa. Bomba la chuma lililopakwa zinki likiungwa moja kwa moja na shaba huoza kwenye kiungo. Mbaya zaidi ni shaba ikitangulia na chuma kikifuata kwa mwelekeo wa maji, kwa sababu chembe za shaba husafiri na kutua kwenye zinki, kisha zinachimba mashimo. Weka yunioni (kiungo kinachofunguka kwa nati) yenye kitenganishi cha plastiki, au angalau kipande cha brasi katikati, na panga chuma kitangulie, shaba ifuate.

Kuhusu kuunga nitasema yale yanayoharibika mara nyingi. Klempu yenye mpira ni ya kuvusha usiku, na iandikwe tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika. Klempu isiyo na tarehe hugeuka kuwa ya kudumu.

Pima upana wa nje kwa kaliper kabla ya kununua viungo. Bomba linaloitwa nusu inchi kwa vipimo vya Kimarekani lina upana wa nje wa milimita 15.9. La kimetriki ni 15 kamili. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho, lakini kiungo cha kimoja hakifai kwa kingine. Kata hadi ufikie shaba nzima pande zote mbili, angalau sentimita 4 kutoka kwenye tundu, kisha kwangua mdomo ndani na nje.

Ukilehemu, adui wa kwanza ni maji yaliyobaki. Lehemu ya bati na shaba huyeyuka kwenye nyuzi 227, na maji hayaruhusu bomba lipite 100 mpaka yote yawe mvuke. Fundi anazidisha moto, dawa inaungua, lehemu inabaki juu kama nta bila kuingia ndani. Fungua koki ya chini kabisa maji yatoke, na koki ya juu hewa iingie. Acha koki moja wazi wakati wa kulehemu ili mvuke upate njia. Sugua kwa msasa ncha ya bomba na ndani ya kiungo mpaka ving'ae, paka dawa kwa brashi, safu nyembamba, upande wa bomba tu. Moto upelekwe kwenye kiungo, usipelekwe kwenye lehemu. Dawa ikianza kuchemka, gusa lehemu upande wa pili wa mwali. Ikivutwa ndani yenyewe, joto limetosha. Kwa bomba la milimita 15, urefu wa lehemu wa milimita 15 kwa kila mdomo unatosha. Kinachoning'inia kama machozi ni cha ziada, na kingine kama hicho kiko ndani. Acha ipoe bila kutikisa, futa dawa iliyobaki kwa kitambaa chenye unyevu, kisha fungulia maji yasafishe ndani.

Mwali ndani ya nyumba inayokaliwa na watu unahitaji ubao usioungua nyuma ya kiungo, kizima moto karibu, na mtu wa kubaki kuangalia kwa saa moja baada ya kazi. Mbao ndani ya ukuta huanza kuungua polepole bila moshi kuonekana. Kwa kweli, katika ukuta wenye mbao na wapangaji wanaolala ng'ambo yake, napendelea kiungo cha nati na pete, mradi kibaki mahali panapofikika. Kaza kwa mkono mpaka igote, kisha spana mzunguko mmoja, pengine na robo. Wanaoendelea kukaza huikunja pete, na kiungo kinavuja kwa sababu ya nguvu nyingi.

Lehemu ya zamani ina suala la afya. Marekani ilipiga marufuku lehemu yenye risasi, ile metali yenye sumu, kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986, na nchi nyingine zilifanya hivyo kwa nyakati zao. Jengo la kabla ya hapo lichukuliwe kuwa nayo mpaka ipimwe. Chukua lita moja ya kwanza kutoka kwenye koki ya jikoni asubuhi, baada ya maji kulala angalau saa 6, bila kuyamwaga kwanza, uipeleke maabara. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 za risasi na miligramu 2 za shaba kwa lita. Wakati mkisubiri majibu, wapangaji waambiwe wamwage maji ya mwanzo kila asubuhi mpaka yatoke baridi ya kutoka nje, na wasitumie maji ya koki ya moto kupikia wala kumchanganyia mtoto maziwa. Mwenye nyumba anayejua na kunyamaza anamnywesha mtoto wa mwenzake risasi.

Lini uache kuunga na ung'oe? Kasoro ya mahali pamoja, kama msumari au dawa ya kulehemia, tengeneza uendelee. Ukiona kutu ya mashimo au kukonda kwa ukuta katika sehemu mbili tofauti za jengo, anza kupanga kubadilisha yote, kwa sababu maji yaliyokula pale ndiyo yanayopita kwingine. Anza na mabomba yaliyo juu ya dari za watu na karibu na paneli za umeme.

Wengi watahamia PPR, yaani mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa joto. Angalieni uwazi wa ndani, msiangalie namba ya nje. PPR ya milimita 20 yenye ukuta wa 3.4 ina uwazi wa 13.2, pungufu kidogo ya shaba ya 15. Shaba ya 22 yenye ukuta wa 0.9 ina uwazi wa 20.2, na PPR ya 25 yenye ukuta wa 4.2 ina 16.6 tu. Inabidi uende 32, yenye uwazi wa 21.2. Anayebadilisha 22 kwa 25 akidhani ameongeza, ameminya maji ya jengo zima. Pasi ya kuunganishia iwe nyuzi 260. Bomba la 20 lipashwe sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha lisukumwe bila kuzungushwa. Ukizidisha muda, plastiki inajaa ndani na kuziba njia.

Kabla ya kufunika ukuta, jaza maji, toa hewa, pandisha presha hadi mara 1.5 ya ile ya kawaida, uiache saa moja geji isishuke. Tumia maji, kwa sababu hewa iliyobanwa ikipasua kiungo hukirusha kama risasi ya bunduki. Kama presha inayoingia inazidi baa 5.5, funga valvu ya kuipunguza. Kila nyumba ndani ya jengo iwe na valvu yake yenye kibandiko, na izungushwe mara mbili kwa mwaka, kwani ile isiyoguswa miaka kumi haitafunga siku ya mafuriko. Piga picha ukuta ukiwa wazi, na futikamba ionekane kwenye picha. Chumba kisicho na mtu kifunguliwe koki zote kila wiki, baridi na moto.

Nimalizie na ugomvi ninaoujua kuwa umo humu ndani: nani alipe. Sheria na mikataba hutofautiana, someni yenu. Lakini tundu lililoanzia ndani ya bomba halikutobolewa na mpangaji, na haifai kumkata amana yake kwa ajili hiyo. Tundu lenye mdomo uliobonyea kutoka nje, na ncha ya drili iliyobaki kwenye plasta, lina mwenyewe. Kipande kilichopasuliwa kinaonyesha haya mezani, mbele ya pande zote mbili, na fundi aliyelehemu vibaya naye atajulikana.

Kwa hiyo kila kipande kiwekwe kwenye mfuko wa plastiki baada ya kukaushwa, kikiwa na kibandiko: tarehe, chumba, moto au baridi, kilikuwa kimelala au kimesimama, upande upi ulikuwa juu, na mshale wa mwelekeo wa maji. Mshale na alama ya juu zichorwe bomba likiwa bado ukutani. Likishatoka, hakuna atakayeweza kusema kwa uhakika maji yalikuwa yakielekea wapi.